Barua ya Wazi kwa NTSA: Usalama wa Matatu Unaanzia Kwenye Mshahara wa Dereva

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA),
Nairobi.

MINT: MALIPO NA SAA ZA KAZI ZA MADEREVA NA UTINGO WA MATATU

Mkurugenzi Mkuu,

Takwimu za mamlaka yako zinaonyesha kwamba watu 4,748 walifariki katika barabara za Kenya mwaka 2024. Mwaka uliotangulia walikuwa 4,324. Kila ajali kubwa inapotokea, Wakenya huweza kutabiri hatua za serikali kabla hazijatangazwa: msako wa siku kadhaa, magari kuzuiliwa vituoni, leseni ya Sacco ya wenye magari kusimamishwa, askari wa trafiki kuongezwa barabarani. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2018. Ajali ya Fort Ternan ya mwezi Oktoba iliua zaidi ya watu 50, na mwezi uliofuata serikali ikatangaza kurejesha kwa ukali sheria za matatu zijulikanazo kama sheria za Michuki. Matatu nyingi zikaondolewa barabarani na wafanyakazi wakaenda kazini kwa miguu. Magari yalirudi, msako ukapoa, na uendeshaji ukawa uleule. Ninakuandikia nikiomba mamlaka iangalie mahali ambapo msako hauwezi kufika, yaani makubaliano kati ya mwenye gari na dereva wake. Dereva wa matatu anaendesha kwa pupa kwa sababu ya namna anavyolipwa, na sheria ya kubadilisha malipo hayo mnayo tayari.

Utaratibu wenyewe unajulikana stejini kote. Mwenye gari huweka hesabu ya siku. Dereva na utingo huanza kazi alfajiri wakiwa wanadaiwa: wapate hesabu ya mwenye gari, walipe mafuta, walipe ada za Sacco na za stejini, na mara nyingi wawe na kitu cha kumpa askari njiani. Kinachobaki ndicho chao. Mvua ikinyesha na barabara zikafungana, hesabu haipungui. Shule zikifungwa na abiria wakaadimika, hesabu haipungui. Hasara yote ya siku mbaya imewekwa mabegani mwa watu wawili wasio na mkataba wala akiba, na njia pekee waliyo nayo ya kuifidia ni kuongeza safari na kuwahi abiria kabla ya gari la nyuma. Ndiyo maana dereva hukataa kuondoka stejini mpaka kiti cha mwisho kijae, kisha hutanua na kupita mataa ili kuurudisha muda uliopotea. Ndiyo maana husimama ghafla popote mkono unapoinuliwa. Zaidi ya hayo, safari za mapema hulipa hesabu na mafuta, na pesa za dereva mwenyewe huanza kuonekana kadiri siku inavyokwisha. Saa anazopata riziki yake ndizo saa ambazo macho na mikono yake imechoka zaidi.

Waliotunga sheria zetu walilitambua jambo hili zamani. Sheria alizotangaza Waziri John Michuki mwaka 2003, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zinakumbukwa kwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mikanda ya usalama, mstari wa manjano na sare za wahudumu. Kinachosahaulika ni kwamba orodha ileile ilidai madereva na utingo waajiriwe kwa kudumu. Kanuni za mamlaka yako za mwaka 2014 zikaendelea na njia hiyo. Ziliwataka wenye magari wajiunge katika kampuni au Sacco, na zikaitaka kila kampuni au Sacco ifuate sheria za kazi kwa wafanyakazi wake. Nayo Sheria ya Trafiki, katika kifungu cha 66A, inakataza dereva wa gari la umma kuendesha zaidi ya saa nane kwa jumla katika muda wa saa 24. Ukizipanga kanuni hizi zote utaona kwamba zilizotekelezwa ni zile ambazo askari anaweza kuzikagua akiwa amesimama kando ya barabara. Mkanda unaonekana, rangi inaonekana, sare inaonekana. Mshahara na saa za kazi hazionekani dirishani, na kwa sababu hiyo zimeachwa kwa zaidi ya miaka 20. Wahenga walisema mwiba uchomeapo ndipo utokeapo. Hatari hii iliingia kupitia malipo, na huko ndiko inakopaswa kutolewa.

Ushahidi kwamba malipo hubadilisha uendeshaji upo. Jijini Santiago, Chile, kabla ya usafiri kupangwa upya mwaka 2007, kulikuwa na aina mbili za madereva wa mabasi waliofanya kazi katika njia zinazofanana: waliolipwa mshahara maalumu, na waliolipwa kulingana na idadi ya abiria. Watafiti waliwalinganisha. Waliolipwa kwa abiria walipata ajali takriban asilimia 67 zaidi kwa kila kilomita waliyoendesha. Jiji lilikuwa moja na sheria za barabarani zilikuwa moja, na tofauti kubwa baina yao ilikuwa namna walivyolipwa. Sisi huwaeleza madereva wa matatu kama watu waliozaliwa bila nidhamu, na tunawatumia mahubiri ya usalama kila Desemba. Matokeo ya Santiago yanatupa maelezo bora zaidi: mtu anayelipwa kwa kushindana barabarani atashindana barabarani, na mtu yuleyule akipewa mshahara hupoteza sababu ya kufanya hivyo.

Utafiti huohuo unatoa pingamizi la kwanza, na ni haki kulieleza. Abiria wa mabasi yenye madereva wa mshahara walisubiri kwa muda mrefu zaidi, kama asilimia 10. Asiyelipwa kwa kichwa cha abiria hana haraka ya kumfuata, na wenye magari wetu wanaogopa kwamba dereva wa mwezi atazembea. Hofu hiyo ina msingi. Lakini tuipime. Upande mmoja kuna dakika chache za kusubiri, na upande mwingine kuna ajali zilizoongezeka kwa theluthi mbili. Uzembe wa ratiba unasahihishika: Sacco inaweza kupanga zamu, kufuatilia magari yake na kumpa dereva nyongeza kwa kutunza muda na kumaliza mwezi bila kosa. Kwa familia iliyopoteza mtu, hakuna marekebisho ya ratiba yatakayosaidia.

Pingamizi la pili ni la mwenye gari, na lina uzito. Wengi walinunua magari kwa mkopo, na benki haisubiri. Mwenye gari hakai ndani ya gari, hajui abiria wangapi walipanda wala utingo alikusanya kiasi gani. Hesabu ndiyo inayomhakikishia kwamba hataibiwa. Hata hivyo, sababu hii ya kutoona imeanza kuondoka. Watafiti walifunga vifaa vya kufuatilia matatu Nairobi na kuwapa baadhi ya wamiliki taarifa za magari yao kupitia simu. Wamiliki hao walibadilisha masharti waliyokuwa wamewawekea madereva ili wapunguze uendeshaji wa hatari kwa gari, gharama zikashuka na faida ikaongezeka. Nauli nayo inalipwa kwa simu na abiria wengi zaidi kila mwaka. Mpango wa mwaka 2014 wa kulazimisha nauli ilipwe kwa kadi ulianguka, na mojawapo ya sababu iko wazi: wahudumu ambao ujira wao wote umo katika pesa taslimu zinazobaki hawawezi kuupokea mfumo unaozipeleka pesa hizo moja kwa moja kwa mwingine. Mshahara ungeliondoa kizuizi hicho. Lakini utafiti wa Nairobi haukuonyesha kwamba kifaa pekee huwafanya abiria kuwa salama zaidi. Mmiliki hutumia taarifa kulinda gari na faida yake, na kumlinda abiria ni kazi aliyopewa mdhibiti.

Kuna watakaosema nauli itapanda. Inawezekana ipande kiasi, kwa kuwa mshahara halali pamoja na michango yake ni gharama. Lakini nauli ya leo si imara hata kidogo. Hupanda mvua ikinyesha, hupanda jioni watu wanaporudi nyumbani, hupanda mkesha wa sikukuu, kwa sababu wahudumu wanaobebeshwa hasara ya siku mbaya hulazimika kuitafuta katika mifuko ya abiria. Pia tunalipa kwa njia nyingine: hongo inayochotwa kutoka nauli ileile, magari yanayochakaa kabla ya wakati, bima ghali, wodi za majeruhi katika hospitali za umma, na watoto wanaobaki bila mlezi. Gharama hizi haziandikwi kwenye tiketi, lakini mwananchi yuleyule anayetetewa asipandishiwe nauli ndiye anayezilipa.

Wengine watasema waenda kwa miguu na waendesha bodaboda ni sehemu kubwa ya wanaokufa, hivyo matatu si tatizo la kwanza. Ni kweli kwamba mishahara ya matatu haitajenga vivuko wala kumvalisha mwendesha pikipiki kofia. Lakini anayetembea kwa miguu hugongwa na gari, na matatu inayopanda juu ya njia ya watembeao kukwepa foleni ni hatari kwa walio nje yake sawa na walio ndani. Isitoshe, hii ni sekta ambayo haiwezi kubeba abiria hata mmoja bila leseni yako. Mahali ambapo nguvu ya kisheria ni kubwa kiasi hicho, wajibu nao ni mkubwa. Kwa sababu hiyo siwezi kukubali jibu kwamba mishahara ni suala la Wizara ya Leba peke yake. Kanuni za 2014 ni zenu, na uamuzi wa kutoa au kunyima leseni ni wenu.

Nakiri kwamba mikataba inaweza kughushiwa. Sacco inaweza kuleta faili lililojaa sahihi huku stejini hesabu ikiendelea kama kawaida. Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni kwamba msiridhike na mikataba. Kabla ya kuhuisha leseni, dai uthibitisho wa michango ya kila mwezi ya NSSF na ya bima ya afya ya jamii kwa kila dereva na utingo aliyesajiliwa, na ulinganishe idadi yao na idadi ya magari. Sacco yenye magari 60 na wachangiaji 15 imejieleza yenyewe. La pili, tekeleza kikomo cha saa nane kwa kutumia kumbukumbu za zamu zinazomtaja aliyeshika usukani, ili gari lisipitishwe mikononi mwa madereva wa kubahatisha ambao hakuna anayewafahamu. Anza na mabasi ya masafa marefu na Sacco kubwa, uwape wadogo muda uliotangazwa wa kujipanga, na muda huo ukiisha usiongezwe. La tatu, chapisha kwa kila Sacco idadi ya ajali na makosa yake. Utafiti uliofanywa humu nchini kwa vibandiko vilivyowahimiza abiria wamkemee dereva, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha madai ya bima yakipungua kwa nusu hadi theluthi mbili katika magari yaliyohusika. Abiria wa Kenya yuko tayari kusaidia. Mpe taarifa ya kuchagulia gari kabla hajapanda, asilazimike kupigania uhai wake gari likiwa tayari kwenye mteremko.

Ombi la mwisho halihitaji bajeti. Ripoti zetu za ajali husema dereva alishindwa kulimudu gari, au alijaribu kupita mahali pasipofaa, na uchunguzi huishia hapo. Agiza kwamba kila uchunguzi wa ajali ya gari la umma iliyosababisha kifo uandike mambo matatu zaidi: dereva alikuwa ameendesha kwa saa ngapi, alikuwa akilipwa kwa mshahara au kwa hesabu, na hesabu ya siku hiyo ilikuwa kiasi gani. Majibu hayo yakikusanywa kwa mwaka mmoja na kuwekwa hadharani, wenye magari, madereva na abiria wataweza kujadiliana juu ya jambo lililo wazi, na mamlaka itajua kama hoja yangu ni ya kweli. Na ikiwa ni ya kweli, Sacco itakayoendelea kupeleka barabarani watu wasio na mshahara isipewe leseni tena.

Wako mwaminifu,

Msafiri na mlipakodi,
Nairobi.