Mpishi ni Shahidi, si Mshtakiwa

Miaka kadhaa iliyopita, katika shule moja hapa Bahati, wanafunzi wangu waliamka usiku wakihara na kutapika. Kabla ya jua kuchomoza, hukumu ilikuwa imekwisha kutolewa: mpishi amewalisha sumu! Akafukuzwa siku iyo hiyo. Sufuria zikaoshwa, mabaki ya githeri yakamwagwa, na ushahidi ukapotea. Maji ya kisima hayakupimwa kamwe. Nami, mwalimu wa sayansi, nilinyamaza. Hadi leo naona haya.

Sumu huenda kweli ilikuwako, lakini si lazima iwe imetiwa na mtu. Wapo bakteria ambao wakiingia tumboni huitengeneza wenyewe. Ile ya kipindupindu huyatoa maji ya mwili kwa kasi ya kutisha. Ile ya aina fulani za E. coli huharibu hata figo.

Mwaka wa 2011 huko Ujerumani, E. coli wa namna hiyo waliua watu zaidi ya 50. Wakuu walikimbilia kuyalaumu matango ya Uhispania, na wakulima wasio na hatia wakapata hasara kubwa. Ukweli ulipatikana kwa maswali. Wachunguzi waliwauliza wateja wa mkahawa mmoja, wagonjwa kwa wazima, waliagiza nini. Kisha wakamwuliza mpishi kila chakula alikitia nini. Ikadhihirika kwamba waliougua walikuwa wamekula machipukizi ya uwatu.

Hapa kwetu, Aprili 2023, Shule ya Wasichana ya Mukumu, Kakamega, ilifungwa baada ya mamia ya wanafunzi kuugua na baadhi yao kufariki. Ni maabara, wala si uvumi, iliyotaja bakteria wa E. coli na wa homa ya matumbo.

Basi, mwalimu mwenzangu, wafikishe wagonjwa hospitalini kwanza, kisha umwarifu afisa wa afya ya umma. Hifadhi mabaki ya chakula na maji. Andika majina ya walioumwa na ya wasioumwa pia, maana mzima naye ana habari. Nanyi wanafunzi, semeni kweli, hata kama mliruka ua mkanunua chakula nje.

Najua wapo wakuu wa shule wanaochelea jina la shule kuharibika. Lakini mficha maradhi, kifo humwumbua. Laiti siku ile ningalimwuliza yule mama wa jikoni swali moja tu: maji ya kupikia uliyateka wapi?