Wimbo wa mkimbizi una mwenyewe

Hapa Kivu ya Kaskazini, makambini na kwenye familia zinazopokea wakimbizi wa vita, nyimbo hazikosekani. Vijana wanatunga kuhusu vita, kuhusu mashamba waliyoacha, hata kuhusu foleni ya maji. Mgeni anafika na simu, anarekodi, anaondoka. Kisha wiki chache wimbo uko kwenye intaneti, watu wanautazama kwa wingi, na jina lililo juu ni la yule aliyeshika simu. Aliyeimba anausikia kwa jirani, kwenye flashi.

Watu wanasema ni kwa sababu sheria hakuna. Si kweli. Sheria iko tangu tarehe 5 mwezi wa 4 mwaka 1986, na inamlinda mtunzi tangu pale anapotunga, bila kuomba karatasi ofisini. Tatizo ni njia ya pesa. Zamani pesa ilifuata kaseti, nganda na redio: anayecheza muziki alipe, SONECA ikusanye, iwagawie watunzi. Mwaka 2011 SOCODA ikachukua nafasi yake, makao yakiwa Kinshasa. Lakini muziki ulikuwa umeanza kuhamia kwenye simu.

Huko kwenye simu kuna sheria ingine. Kwa video za kawaida, YouTube haigawi pesa ya matangazo mpaka chaneli ifikishe wafuasi 1000 na saa 4000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Tena inalipa mwenye chaneli. Kijana wa kambini, ambaye hata kuchaji simu analipia, atazifikisha namna gani hizo saa 4000? Mwenye chaneli kubwa anaweka nyimbo kumi za watu kumi, anavuna peke yake.

Wengine wanaomba polisi iwakamate vijana wa vibanda wenye kuweka nyimbo kwenye flashi za watu. Mimi sikubali. Yule kijana anatafuta chakula, na bila yeye nyimbo nyingi za hapa zisingefika Masisi wala Rutshuru. Afazali alipe kitu kidogo kwa mwezi, apewe ruhusa, na aandike kwenye daftari nyimbo zinazoombwa. Redio nazo vilevile, zetu zote: wimbo ukipita, jina la mtunzi litajwe na liingie kwenye orodha, maana pasipo orodha hajulikani wa kugawiwa. Pesa itumwe moja kwa moja kwenye simu ya mtunzi, kama tunavyotumiana kila siku kwa Airtel Money ama M-Pesa. Kumwambia mama aliyekimbia na watoto wanne apeleke karatasi Kinshasa ni kumfukuza tu.

Mwezi wa 12 mwaka 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa wanadamu. Tulishangilia, na ilistahili. Ila rumba nayo ilitungwa na watu wenye majina na matumbo.

Wakati tunangoja wakubwa, wewe uliyetunga, jirekodi mwenyewe kabla ya kumwimbia mgeni. Anza kwa kusema jina lako, kijiji chako na tarehe. Tuma sauti hiyo kwa WhatsApp kwa watu wawili unaowaamini, wasiifute. Na mgeni akiinua simu, muulize: hii inaenda kwenye chaneli ya nani?