Kabla ya Kushika Kafi

Je, wewe na wenzako mwanuia kwenda Jinja, Uganda, kushuka Mto Naili kwa mashua ya mpira? Mto ule ni mpana na una visiwa vya kupendeza, lakini uzuri wake usikulevye. Wahenga walisema: maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Kwanza, msifuate ramani ya zamani. Maporomoko ya Bujagali yamefunikwa na bwawa la umeme lililozinduliwa mwaka 2012, na bwawa la Isimba la mwaka 2019 likameza mengine. Tena maji hupanda na kushuka kadiri yafunguliwavyo mabwawani. Basi ulizeni wenyeji siku ile ile.

Pili, kila mtu na avae kofia ngumu na jaketi la kuokolea lililokazwa barabara, hata ajuaye kuogelea. Ukitupwa majini penye mawe, lala chali, miguu itangulie. Usisimame, maana mguu ukinaswa, maji yatakuzamisha.

Tatu, mkisharudi, mkapimwe kichocho. Asiyetaka kuuliza na abaki ukingoni. Huko nako mto waonekana vizuri.