Simba hauzi mkanda wa feni

Wiki hii tuache kidogo habari za wapenzi na mapishi, nizungumze na wewe mwenye gari, hasa unayepanga kuvuka mpaka. Mwenzio yamenikuta, na aibu yake naila mpaka leo.

Ilikuwa hivi. Tulipata taarifa ya msiba wa baba mdogo wa mke wangu kule Migori, Kenya. Mazishi kesho yake, saa nane mchana. Nikajitia kidume, nikasema hakuna cha kupanda basi, tunakwenda na gari letu. Tukaondoka Musoma alfajiri, shemeji kakaa mbele, mke wangu na mama mkwe nyuma. Kwenye buti nimepakia kreti mbili za soda, sato wa kukaanga kutoka Mwigobero na spika mpya za redio. Spea? Tairi moja tu, nalo kipara.

Tulivuka daraja la Kirumi salama. Tulipoanza kupandisha kuelekea Tarime, mshale wa joto nao ukapanda. Nikajifanya sijauona. Mara paa! Mvuke ukafunika kioo chote. Mpira wa juu wa rejeta umepasuka. Kampira kenyewe unaweza kukakunja ukakatia kwenye mfuko wa koti!

Shemeji akadandia pikipiki kwenda Tarime. Akarudi na mpira mnene. Akaenda tena, akarudi na mwembamba kidogo, tukaulazimisha kwa waya na vipande vya tyubu ya baiskeli. Migori tuliingia magharibi. Kaburi limeshafukiwa, watu wanakunywa chai. Mama mkwe hakunisema hata neno moja. Msomaji, afadhali angenitukana.

Basi bwana, miezi michache baadaye niko Bunda kwa fundi wangu, chini ya mti wake pale kando ya barabara kuu. Nikakuta nyumba ya magurudumu imeegeshwa. Ndani kuna kitanda, jiko la gesi, friji, mpaka choo. Wenyewe ni babu na bibi wa Kijerumani, walioingia nchini kupitia Sirari na kupita Butiama kuona kaburi la Mwalimu Nyerere, aliyezikwa pale Oktoba 23, 1999. Walikuwa wanaelekea Mwanza, mkanda wa injini ukakatika. Wamebeba viti vya kukunja, baiskeli mbili na mwavuli mkubwa kama wa soko zima. Mkanda wa akiba hawana.

Fundi akacheka, akaninong'oneza: "Mura, hawa wamebeba nyumba nzima, wakasahau ufunguo wa mlango."

Nami nikataka kucheka, nikakumbuka Migori. Nikafunga mdomo.

Sasa sikiliza alichofanya yule fundi. Aliokota mkanda uliokatika, akaugeuza, akasoma maandishi ya mgongoni: 6PK, kisha tarakimu nne. Akanifundisha. Hiyo 6 ni idadi ya mistari ya upande wa ndani, na tarakimu za mwisho ni urefu wa mkanda kwa milimita. Ukiwa na namba hiyo huna haja ya kumwelezea mwenye duka kwa mikono kama mvuvi anayesimulia samaki aliyemponyoka. Namba ikapigiwa simu Mwanza, mkanda ukaja na basi kesho yake. Wazee wale walilala Bunda usiku mmoja zaidi. Bahati yao nyumba wanayo.

Hapo ndipo akili ikanikaa sawa. Ukiwa na Hiace au Land Cruiser, spea zake huku kwetu si za kutafuta kwa tochi. Lakini nyumba nyingi za magurudumu za Ulaya hujengwa juu ya Fiat Ducato, Ford Transit au Mercedes Sprinter. Ukiharibikiwa na gari la namna hiyo, duka la Bunda litakupa pole tu. Na ukikata mbuga ya Serengeti kwenda Arusha, huko hata pole hupati. Simba hauzi mkanda wa feni.

Fundi wangu ana kipimo chake cha kuchagua spea. Beba kitu chenye sifa tatu: kikifa gari linasimama, ni chepesi, na unaweza kukifunga mwenyewe au kwa msaada wa fundi wa kijijini. Kwa kipimo hicho, orodha yake ni hii:

Kwanza, mikanda yote ya injini. Funga mipya kabla ya safari, ile ya zamani kama bado nzima iweke akiba. Angalau hiyo unajua inaingia!

Pili, mpira wa rejeta wa juu na wa chini, pamoja na klipu zake. Hapa sisemi zaidi, donda langu bado bichi.

Tatu, filta mbili za dizeli, maana mafuta ya kwenye madumu huja na mchanga na maji. Mwenye petroli abebe plagi.

Nne, fyuzi za kila saizi, relei, balbu, na mita chache za waya.

Tano, tairi la akiba lenye upepo, na jeki inayoweza kuinua mzigo wako. Magari mengi mapya ya Ulaya hayaji na tairi la akiba, yanakuja na kichupa cha dawa ya kuziba pancha. Tairi likichanika ubavuni, dawa hiyo ni kama kumpaka mgonjwa poda.

Sita, maji, oili ya injini, oili ya breki, silikoni na gundi ya chuma. Injini ikichemka, zima na usubiri ipoe. Usifungue mfuniko wa rejeta ukiwa wa moto, utabaki bila sura.

Gia boksi na injini usihangaike kubeba. Badala yake piga picha namba ya chasisi, muachie ndugu nyumbani, ili kikiharibika kikubwa yeye aagize huko. Na usibebe pakiti kumi kumi za kitu kimoja, ofisa wa forodha atakuuliza duka unafungulia wapi.

Vitu hivyo vyote, ukiacha tairi, jeki na maji, vinaenea kwenye ndoo moja ya lita ishirini. Mimi yangu ipo nyuma ya kiti. Juzi mama mkwe alipopanda kwenda Tarime kusalimia, aliitazama ile ndoo, akaniuliza: "Baba, ule mpira umo?"

Nikamjibu, "Umo mama, na klipu zake."

Akafunga mlango. "Haya, twende."

Mwenzangu, hiyo ndiyo samahani niliyopata, nami nimeridhika nayo. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.