Breki za Motokaa Zetu na Miteremko ya Kericho



Katika mkutano wa tawi uliopita ndugu mmoja alisimama akauliza, "Watu wa reli na motokaa, wapi na wapi?" Watu wakacheka na shauri likaahirishwa. Basi twaandika hapa yale tuliyotaka kusema, maana wengi wetu sasa twapanda motokaa kwenda kazini na kurudi nyumbani, na wengine wetu wamechanga fedha wakanunua zao. Tena gazeti hili lasomwa na ndugu zetu madereva wa malori ya majani chai, ambao shauri hili ni mkate wao wa kila siku.

Twaanza na kosa letu wenyewe. Tulikuwa watu sita, tukachanga, tukanunua Probox iliyokwisha kutumika Japani, ya kutupeleka Litein na Bomet mwisho wa mwezi. Siku moja breki zikaanza kulia. Tukaenda kwa muuza spea katika mji mmoja, akatuwekea juu ya meza maboksi mawili ya pedi. Bei ya moja haikufika nusu ya bei ya lingine. Tukamwuliza, "Zatofautiana nini?" Akajibu, "Wazee, hizi zote ni orijino." Karo za watoto zilikuwa zimekaribia, tukachukua la rahisi. Risiti hatukuomba. Fundi akazifunga chini ya mti kwa nusu saa, wala hakuna aliyemwambia atazame diski, maana diski ni fedha nyingine.

Wiki ya tatu tulikuwa tukienda matangani, watu watano na magunia mawili ya viazi, tukiteremka kutoka Kericho kwenda Awasi, pale mtu anapoyaacha majani chai akaanza kuona miwa. Mvua ya alasiri ilikuwa imenyesha kama kawaida ya huku. Katikati ya mteremko tukasikia harufu ya kuungua. Ndugu yetu aliyekuwa akiendesha alikanyaga breki, kanyagio likawa gumu kama jiwe, na gari haikupunguza mwendo. Akashusha gia hadi ya pili, injini ikapiga kelele, kisha akaisukumiza gari katika ukingo wa udongo. Mmoja wetu alivunjika mfupa wa bega. Hakufa mtu.

Magurudumu yalipofunguliwa tuliona mambo mawili. Pedi moja ilikuwa imebanduka kutoka kwenye bamba lake la chuma, kama soli iliyobanduka kiatuni. Nayo diski ilikuwa na madoa ya buluu ya moto, na ilipopimwa ilikuwa nyembamba kuliko kipimo kilichoandikwa juu yake. Kosa la pedi lilikuwa la aliyetuuzia. La diski lilikuwa letu sisi sita.

Sasa tumjibu yule ndugu. Reli yetu yatoka Mau Summit, karibu mita 2,500 juu ya bahari, yateremka kupita Londiani na Fort Ternan hadi ziwani Kisumu, penye mita 1,134. Njia hii ilifika ziwani mwaka 1901, na tangu hapo kila mtu wa reli ajua ya kuwa kupanda ni kazi ya injini, bali kuteremka ni kazi ya breki. Breki ya hewa ya treni imefanywa hivi: bomba likikatika, hewa hutoka na breki hushika zenyewe. Kabla ya treni kuondoka, breki hukazwa na kuachiliwa, na mtu huhakikisha ya kuwa zimeitika hata kwenye behewa la mwisho. Kipande cha breki kilichokwisha hutolewa. Hakuna anayeuliza kama mwezi umefika mwisho. Lakini motokaa ikifungwa breki chini ya mti, mkaguzi wake ni nani? Ni wewe mwenye gari na fundi wako, basi.

Na miteremko ni ile ile. Tarehe 10 Oktoba 2018 basi lililotoka Nairobi kwenda Kakamega liliacha njia karibu na Fort Ternan likaporomoka, wakafa watu zaidi ya 50. Tarehe 30 Juni 2023 lori la kontena liliacha njia katika njia panda ya Londiani, likagonga magari na wachuuzi waliokuwa wakiuza kando ya barabara, wakafa tena zaidi ya 50. Baada ya Londiani serikali iliamuru wachuuzi waondolewe kando ya barabara kuu. Ni amri njema. Lakini twaona ya kuwa katika maneno mengi yaliyosemwa nyakati hizo, meza ya muuza spea haikutajwa sana, wala tajiri anayemwambia dereva, "Endesha tu, tutatazama mwisho wa mwezi."

Basi mtu achague vipi? Sisi twasema aanze na diski, asianze na pedi, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Diski nyingi zimeandikwa kipimo chake cha mwisho kwa milimita, ukingoni au karibu na kitovu, baada ya herufi MIN TH. Ikipungua hapo, hata iwe inang'aa kama sahani, ni chuma cha kutupa, maana diski nyembamba haina mahali pa kuweka moto. Tatizo ni kwamba diski iliyolika hubaki na mdomo ukingoni, na kipimo cha kawaida cha fundi hushika mdomo huo, ukadhani diski ni nene. Weka shilingi moja upande huu na nyingine upande wa pili, ndani ya mdomo, upime zote pamoja, kisha utoe unene wa shilingi mbili. Tulifundishwa hivyo na mzee mmoja wa karakana, na tangu siku hiyo hatujadanganywa.

Kama usukani hutetemeka ukanyagapo breki, mara nyingi diski haiko sawa. Yaweza kukerezwa katika mashine, lakini ipimwe tena baada ya kukerezwa. Ikiwa itabaki chini ya kipimo, umelipa fundi bure. Diski zilizotobolewa matundu, ambazo vijana huzipenda kwa sura, hazina faida kwa gari ya kubeba viazi. Matundu hayo hata huweza kuanzisha nyufa. Diski ya mtumba kutoka Japani twaikubali shingo upande, ikiwa imepimwa na haina ufa. Pedi ya mtumba hatuikubali kabisa.

Tukija kwa pedi, nenda dukani na ile ya zamani mkononi pamoja na nambari ya chasisi, maana Probox ya NCP50 na ya NCP160 si gari moja, na muuzaji mwenye haraka atakupa iliyo karibu naye. Ziko zilizofanywa kwa mchanganyiko laini usio na chuma kingi. Hizo hushika vizuri zikiwa baridi na hazipigi kelele, lakini mteremko mrefu wenye mzigo huzichosha. Ziko zenye unga mwingi wa chuma. Hizi hustahimili moto, ingawa hula diski zaidi na hupiga kelele asubuhi. Za seramiki ni kimya, hazina vumbi jingi, na bei yake ni kubwa. Kwa mtu wa mjini mwenye barabara tambarare lolote lafaa. Kwa gari inayobeba watu na mzigo katika vilima vya Kericho na Bomet, sisi twachagua za chuma zilizofanywa vema, kelele tutaivumilia.

Zilizofanywa vema utazijuaje? Bamba la nyuma liwe limepigwa chapa ya mtengenezaji na nambari, wala si boksi tu, maana boksi hupigwa chapa popote. Pedi iliyopasishwa kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa hubeba herufi E ndani ya duara na nambari inayoanza na 90R. Tazama ukingo wake: ukimomonyoka kwa ukucha, irudishe. Omba risiti yenye jina la duka. Muuzaji akikataa kuandika risiti, amekwisha kukujibu. Najua wapo wenye kughushi hata chapa, lakini mwizi wa kughushi risiti ya duka lake mwenyewe ni mjinga, na wajinga hawadumu katika biashara hiyo.

Badili kulia na kushoto pamoja, siku zote, usije ukavutwa upande mmoja penye utelezi. Usingoje pedi iishe hadi chuma. Ikibaki milimita 3, yatosha. Pini za kalipa zisafishwe na kupakwa grisi yake, kwa sababu kalipa iliyokwama itaimaliza pedi mpya kama ilivyoimaliza ya zamani. Mafuta ya breki hunywa maji ya hewani, na huku kwetu hewa ina maji mengi. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205, lakini yakiisha kunywa maji huchemka kwenye 140. Yakichemka, kanyagio hushuka hadi chini. Yabadilishwe kila miaka miwili. Na mafundi wetu wasipulize vumbi la dramu za nyuma kwa hewa. Viatu vya breki vya zamani vilitiwa asbesto, ambayo huua mapafu pole pole, hata Uingereza ikapiga marufuku aina yake ya mwisho mwaka 1999. Watumie maji na kitambaa.

Pedi mpya zikisha kufungwa, kanyaga breki mara kadhaa gari ikiwa imesimama, mpaka kanyagio liwe gumu. Kisha kwa kilomita 300 za kwanza usizikaze kwa ghafula, ila kwa lazima. Sisi hatukufanya hivyo. Tulitoka chini ya mti tukapakia watu.

Neno kwa ndugu madereva wa matajiri. Twajua ya kuwa spea hamnunui ninyi, na atakayelaumiwa gari ikianguka ni ninyi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 14, yasema mfanyakazi amwarifu msimamizi wake juu ya hatari kubwa iliyo karibu, na tajiri hana ruhusa ya kumrudisha penye hatari hiyo kabla ya kuiondoa. Sheria hiyo hiyo yakataza mtu kufukuzwa kwa sababu ya kulalamika juu ya usalama. Basi mwarifuni kwa maandishi, mkiandika tarehe na nambari ya gari, na nakala ije kwa katibu wa tawi siku hiyo hiyo. Maneno ya mdomo hukanwa. Wako wanaosema ya kuwa kuandika barua ni kujitafutia adui. Huenda ni kweli, lakini twamwuliza msemaji: ukiwa juu ya mteremko na tani kadhaa za majani nyuma yako, ni adui yupi wa kuogopwa?

Kuhusu gharama, tulifanya hesabu. Pedi rahisi, kisha pedi nyingine, diski mbili, kuvutwa kwa gari, na hospitali ya ndugu yetu. Lile boksi la bei kubwa lingelipwa zaidi ya mara tatu. Ndugu yetu amerudi kazini, ila kubeba vitu vizito bado hajaweza, na wenzake wanamsaidia zamu.

Kipimo cha milimita tumekinunua kwa mchango wetu sita, kimo ofisini mwa tawi ndani ya sanduku la katibu. Mwanachama ye yote atakayekitaka aje atie sahihi, akirudishe jioni. Shilingi mbili za kupimia aje nazo mwenyewe.