Tarumbeta Lililokataa Kusahau Kwao

Ndugu msomaji, wapo miongoni mwetu wanaodai kwamba mwanamuziki akichanganya mitindo, basi amepotea njia. Kabla ya kutoa hukumu hiyo, na tuyatazame maisha ya Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini.

Masekela alizaliwa mwaka 1939 karibu na Witbank, mji wa machimbo ya makaa ya mawe. Bibi yake aliyemlea aliwauzia pombe wachimbaji, nao walipokunywa walisimulia habari za makwao. Shuleni kijana alikuwa mtundu. Padri Trevor Huddleston, yule yule aliyekuwa Askofu wa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968, alimwuliza anataka nini maishani. Akajibu kuwa akipata tarumbeta hatamsumbua mtu tena. Akapatiwa.

Mwaka 1960, polisi wa makaburu walipowaua watu 69 huko Sharpeville, Masekela aliihama nchi yake. Alisoma muziki London, kisha New York. Huko alitamani kupiga jazi kama Wamarekani wenyewe. Miles Davis, bingwa wa tarumbeta, akamshauri vingine: wapigaji wa jazi ni maelfu, atie ndani yake mambo ya kwao, ndipo atakapotofautiana nao.

Ushauri ukamwingia. Akaichukua mbaqanga ya vitongoji vya Johannesburg, akaiunga na jazi na mapigo ya Wamarekani weusi. Mwaka 1968 wimbo wake "Grazing in the Grass", wenye mlio wa kengele ya ng'ombe, ulishika nafasi ya kwanza Marekani. Angeweza kutosheka. Badala yake alirudi Afrika kujifunza zaidi, akashirikiana na bendi ya Hedzoleh Soundz ya Ghana. Mwaka 1974 alikuwa miongoni mwa waandaaji wa tamasha la Kinshasa, ambamo Franco na Tabu Ley walipiga muziki pamoja na kina James Brown.

Mwaka huo huo alitoa "Stimela", wimbo kuhusu gari moshi lililowachukua wanaume wa nchi za kusini mwa Afrika kwenda machimboni kwa ujira mdogo, mbali na wake na watoto wao. Masekela aliuiga mlio wa gari hilo kwa kinywa chake. Hapo ndipo simulizi za wachimbaji wa kwa bibi zilipopata sauti. Mwaka 1987 alitoa wimbo wa kudai Nelson Mandela aachiwe huru. Mwaka 1990 Mandela akatoka kifungoni, na Masekela akarejea nyumbani baada ya miaka 30 ugenini. Alifariki Johannesburg tarehe 23 Januari, 2018.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, mwanao akikuletea nyumbani mapigo ya kigeni, usikimbilie kumkemea. Mwulize kwanza ametia nini cha kwetu ndani yake. Mwacha asili ni mtumwa. Bali aliyeishika asili yake hana sababu ya kuiogopa ngoma ya jirani.