Chuo cha Habari na Lugha ya Kazi

Msomaji anunuapo gazeti hana desturi ya kuuliza mwandishi wake alisomea wapi, wala alifundishwa kwa lugha gani. Huuliza kama habari ni ya kweli na kama inaeleweka. Leo twataka kusema juu ya lile asiloliuliza, kwa sababu makosa mengi anayoyaona yatoka huko.

Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 iliufanya uandishi kuwa taaluma yenye ithibati, na kanuni zake za mwaka 2017 zikataka mwandishi awe na stashahada ya kazi hiyo kwa uchache. Waliokuwa kazini bila ya hati hiyo walipewa miaka mitano ya kujiendeleza. Wako waliolalamika, sisi hatumo miongoni mwao. Mwenye kushika sindano ya hospitali hutakiwa kuisomea kazi yake, na kalamu nayo yaweza kumdhuru mtu vibaya sana. Lakini ikiwa mlango wa kuingia kazini ni chuo, basi yatupasa tuutazame mlango wenyewe. Tukiutazama twaona kwamba wafunguliwa kwa Kiingereza.

Mfikirieni kijana wa Tandahimba anayetangaza katika redio ya wilaya. Wakulima wa korosho humtegea sikio siku za mnada, maana Kiswahili chake ni safi na hesabu zake hazina mashaka. Kijana huyu akienda kutafuta stashahada atasikiliza mihadhara ya Kiingereza, ataandika mitihani ya Kiingereza, na akishindwa atarudishwa nyumbani kwa kushindwa Kiingereza, wala si kwa kushindwa kazi ya habari. Akifaulu atarudi kwenye kipaza sauti kile kile, ambako hatatakiwa kutamka hata sentensi moja ya lugha aliyotahiniwa. Hali hii twaiona katika vyuo vyetu vingi vya habari, vikubwa kwa vidogo, hali magazeti mengi nchini na karibu redio zote ni za Kiswahili.

Watu wengine husema kwamba hakuna hasara, eti mwenye akili atajifasiria mwenyewe. Hasara ipo, nayo hufika kwenye meza ya mhariri kila siku. Chukueni habari za polisi. Mtu anayeshukiwa ni mtuhumiwa. Akifikishwa mbele ya hakimu na kusomewa shitaka ni mshtakiwa. Na mpaka hakimu atoe hukumu, hakuna mwenye haki ya kumwita mwizi wala jambazi. Mwanafunzi alifundishwa tofauti hizo kwa Kiingereza, akazikariri, akazifanyia mtihani. Siku ya kuandika kwa Kiswahili hana maneno yake tayari, naye huandika, “Jambazi akamatwa.” Yule mtu akiachiliwa baada ya miezi sita, nani atamrudishia jina lake mtaani kwake?

Au litazameni neno “kudai.” Kwetu sisi mwenye kudai ni mwenye deni lake, au mtu ambaye maneno yake yatiliwa shaka. Sasa mjane asema kwamba mume wake amefariki, na gazeti laandika kwamba mama huyo “alidai” mumewe amefariki, kana kwamba twangoja mashahidi. Mwandishi hakukusudia ubaya. Amechukua neno la Kiingereza kutoka katika daftari lake la chuo na kulivika kanzu.

Na kwa wafanya kazi liko kubwa zaidi. Ofisi ya Takwimu ikitangaza kwamba mfumuko wa bei umeshuka, maana yake ni kwamba bei zaendelea kupanda, ila kwa mwendo wa polepole kuliko kwanza. Gazeti likiandika “Bei zashuka,” mfanya kazi aendaye sokoni na kuukuta unga ghali kuliko mwaka jana atasema kwamba Serikali yamdanganya. Hapo Serikali haikudanganya. Mwandishi ndiye aliyefundishwa jambo hilo kwa lugha ambayo hakuimiliki, akalifasiri kwa kukisia.

Tukisikia kwamba Kiswahili hakina maneno ya taaluma hii, twashangaa. Mambo Leo lilianza kuchapwa mwaka 1923, likaeleza kilimo, afya na mambo ya dunia kwa wasomaji wa Tanganyika. Mwaka 1937 Erica Fiah alianzisha Kwetu mjini Dar es Salaam, gazeti la Mwafrika mwenyewe. Baraza la Kiswahili la Taifa lipo tangu mwaka 1967. Chuo cha Uandishi wa Habari kilipofunguliwa mwaka 1975, na hata kilipotiwa ndani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2003, magazeti ya Kiswahili yalikuwa na umri wa kutosha kuwa babu wa walimu. Hata mahakama, zilizodhaniwa kuwa ngome ya mwisho ya Kiingereza, zilipewa Kiswahili kuwa lugha yake kwa sheria ya mwaka 2021. Kwa hiyo hakimu asoma hukumu kwa Kiswahili, na mwandishi aliyeketi nyuma amefundishwa sheria hiyo hiyo kwa Kiingereza!

Hoja ya vitabu ina uzito, wala hatuikatai. Vitabu vya kazi hii kwa Kiswahili ni vichache. Lakini mwalimu atatungaje kitabu ambacho chuo chake hakitakitumia? Vile vile hatusemi Kiingereza kifukuzwe. Mwandishi asiyeweza kusoma mkataba wa kampuni ya kigeni ataandika yale tu atakayoambiwa na kampuni hiyo. Kiingereza na kifundishwe, tena vizuri kuliko sasa, kama somo lenye mwalimu wake na saa zake.

Twaliomba Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi liwaruhusu wanafunzi wa stashahada ya habari kujibu mitihani kwa Kiswahili, kwa kuanza na masomo matatu: sheria za habari, uhariri, na uandishi wa habari za uchumi. Wahariri wazee waliostaafu wapo katika miji yetu. Waitwe, wakae pamoja na walimu na watu wa BAKITA, walipwe posho ya haki, watunge vitabu vya masomo hayo matatu. Nayo Bodi ya Ithibati, kabla ya kumnyima kitambulisho kijana wa redio ya wilaya, imsikilize kwanza akisoma taarifa yake hewani.